Thelathini sifuri sita sio elfu tatu na sita: namba za risasi za kuwindia, na watu wanaojijazia wenyewe

Msimu wa uwindaji ulikuwa umeanza tu, mwezi wa saba, mimi nipo Manyoni kwenye kijiwe cha kahawa jirani na stendi nasubiri gari la Itigi. Dogo mmoja wa bodaboda akatupa funguo zake juu ya benchi, zimefungwa kwenye ganda la risasi, lile la rangi ya dhahabu, anasema kaliokota huko njia ya Rungwa alikopeleka mzigo. Basi mjadala ukawaka. Mmoja akasoma maandishi ya kitakoni akasema hii ni 30-06, hii ndo ya nyati. Mwingine akabisha, nyati anapigwa na 375. Akajibiwa hapohapo bila aibu: "Sasa wewe, elfu tatu na sita na mia tatu sabini na tano, ipi kubwa?" Kijiwe kizima kikacheka, ila nusu yao walikuwa wanacheka kwa kumuunga mkono. Pembeni alikuwepo mzee mmoja, bwana nyama mstaafu, akanyoosha mkono akalichukua lile ganda, akaligeuzageuza, akachungulia ndani, akasema "vijana mna kazi" akarudia kikombe chake.

Ule ubishi nimeukuta sehemu nyingi, na tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori ndo umezidi maana kila mtu sasa ana maoni kuhusu swala kapigwa na nini. Nataka niufungue kidogokidogo, afu nifike kwenye lile jambo ambalo watu wengi hawaliamini kabisa, kwamba kuna wawindaji wanajaza risasi zao wenyewe mezani kama mtu anavyofunga sambusa.

Kwanza tukubaliane maneno. Kitu tunachokiita risasi, kile kizima kinachoingia kwenye bunduki, ni vitu vinne vimeshikana. Kuna ganda, hicho kichupa cha brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Kuna fataki, kidude kidogo cha duara kitakoni kinachogongwa na pini kikatoa cheche. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, kile kinachotoka mdomoni mwa ganda na kwenda kwa mnyama. Kinachosafiri ni kichwa peke yake, ganda linabaki kwenye bunduki mpaka ulitoe. Nalisema hili kwa sababu kwenye sinema mpaka leo wanachora risasi nzima na ganda lake inapaa hewani, na watoto wanakua wakijua hivyo.

Kaliba sasa. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi, haina maana nyingine. Wamarekani na Waingereza wanaandika kwa inchi, Wajerumani na wengi wa Ulaya kwa milimita, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwahiyo ukiona .375 hiyo nukta mbele ina kazi, ni inchi sifuri nukta tatu saba tano, kama milimita 9.5. Ukiona 9.3 hiyo ni milimita. Ukiziweka pamoja tofauti yake ni kama milimita 0.2, karibu unene wa karatasi mbili za daftari, lakini mtu wa kijiweni akisikia "tisa nukta tatu" na "mia tatu sabini na tano" anaona sungura na tembo.

Na hapo ndo penye uchungu wa jambo lote: namba iliyoandikwa kwenye boksi ni jina zaidi kuliko ni kipimo. Kama mtu anaitwa Masika, haimaanishi ukimkamua anatoa mvua.

Chukua hiyo .30-06. Thelathini ni kaliba, ile sifuri sita ni mwaka, 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Ukidhani umeelewa utaratibu unakutana na .30-30, ya mwaka 1895, ambayo thelathini ya pili sio mwaka, ni uzito wa baruti ya enzi hizo. Afu kuna .250-3000 ya mwaka 1915, hiyo elfu tatu ni kasi, futi 3000 kwa sekunde, waliweka kwenye jina ili iuzike. Vistari vitatu vya katikati, maana tatu tofauti kabisa. Wajerumani kidogo wana adabu, 7x57 ni kaliba ya milimita 7 na ganda lenye urefu wa milimita 57, 9.3x62 hivyohivyo. Ila hata wao ukipima kichwa cha 7x57 unakuta milimita 7.2, sio 7. Sababu ni kwamba ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama nati, ndo inayokifanya kichwa kizunguke kisiyumbe hewani, sasa kuna anayepima juu ya matuta na kuna anayepima ndani ya mifereji. Mwingereza na .303 yake, ile bunduki waliyobeba askari wa KAR (jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), kapima juu ya matuta, kichwa chenyewe ni .311. Mmarekani na .270 yake, kichwa ni .277. Na .308, .30-06 na .300 magnamu zote tatu, vichwa vyake ni .308 kamili, unaweza kuchukua kichwa cha moja ukakipachika kwenye ganda la nyingine.

Kama hizo tatu kichwa ni kilekile, tofauti iko wapi? Iko kwenye ganda. Chukua chupa ya maji ya nusu lita na chupa ya lita moja na nusu ya kampuni hiyohiyo, kifuniko ni kilekile ila tumbo sio lile. Ganda la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 lina 63, magnamu tumbo ni nene zaidi. Tumbo kubwa baruti nyingi, baruti nyingi kasi kubwa. Ndo maana mtu akikuuliza "kaliba gani ina nguvu" swali halijakamilika, ni kama kuuliza pipa gani lina maji mengi ukiwa umeona vifuniko tu.

Tahadhari moja hapa, maana nimeisikia kwa masikio yangu: "7.62 ni 7.62 tu." Hapana. Kuna 7.62x39 ya ile SMG (AK-47), kuna 7.62x51 ya jeshi la NATO ambayo ni ndugu pacha wa .308, na kuna 7.62x54 ya Kirusi yenye ukingo kitakoni. Haziingiliani, na anayejaribu kulazimisha ndo yule unayesikia bunduki imempasukia usoni.

Sasa grein. Kwenye boksi utaona 180 grein, watu wanadhani ni punje 180 za baruti. Sio. Grein ni kipimo cha uzito cha zamani, 7000 zinafanya ratili moja, na gramu moja ina kama grein 15.4. Hiyo 180 ya kwenye boksi ni uzito wa kichwa, gramu kama 11.7, chini kidogo ya kijiko cha chakula cha maji. Kinachochanganya ni kwamba baruti nayo inapimwa kwa grein, kwahiyo wajazaji wakiongea unasikia grein hamsini na kitu huku grein mia na themanini kule, lazima ujue wanapima nini.

Ukishakuwa na uzito na kasi unaweza kupiga hesabu ya nguvu. Nimeipiga kwa hizi zinazotajwa sana. .270 yenye kichwa cha grein 130 inatoka mtutuni kwa kama mita 930 kwa sekunde, nguvu yake inafika jouli 3,650 hivi. .30-06 yenye 180, kama mita 820, jouli 3,950. 9.3x62 yenye 286, mita 720, jouli 4,800. .375 Holland & Holland yenye 300, mita 770, jouli 5,750. Hizo ni takribani, mtutu mfupi au mrefu unabadilisha. Unaona kwamba .270 ndo yenye mbio kuliko zote na ndo ya mwisho kwa nguvu, na zile mbili nene zinatembea polepole kama lori la mizigo ila zikifika zimefika.

Lakini hizo jouli zisikutishe. Jouli 3,950 zote ukizigeuza joto ukaziweka kwenye sufuria ya lita moja ya maji, hazifikishi hata nyuzi joto moja. Chai haipashiki! Na kuhusu ile hadithi ya mnyama kurushwa nyuma akipigwa, msukumo wa hiyo risasi ni kama ndoo ya lita kumi inayokugusa kwa mwendo mdogo wa miguu. Pofu dume anaweza kufika kilo 900, atarushwa na ndoo? Isitoshe msukumo uleule, na zaidi kidogo, unarudi kwenye bega la mpigaji, ingekuwa inarusha mnyama ingekuwa inarusha na mwindaji akaangukie mbuyuni. Mnyama anaporuka au kudondoka ghafla ni mishipa yake ya fahamu, sio kusukumwa.

Kinachoua ni tundu limefika wapi. Limefika kwenye moyo, mapafu, ubongo, ama halijafika. Na kufika kunategemea kichwa kimeundwaje, na hapa ndo ningependa watu wangebishania badala ya namba. Vichwa vya pua laini vina risasi nyeusi (ile metali laini na nzito, lead) mbele, vikigusa nyama vinafunguka kama uyoga, tundu linakuwa kubwa, vinafaa swala pala, ngiri, tandala. Vigumu, vile solidi, havifunguki, vinatoboa moja kwa moja, ni vya mnyama mwenye mifupa mizito. Kichwa laini chenye mbio nyingi kikigonga bega la mnyama mkubwa kinaweza kupasuka vipandevipande juujuu, jeraha baya afu mnyama anakimbia nalo. Mmarekani mmoja anaitwa John Nosler lilimkuta hilo miaka ya 1940 akiwinda moose, mnyama mkubwa mwenye pembe wa kule kwao Amerika ya kaskazini, akaenda kutengeneza kichwa chenye ukuta katikati, nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima inaendelea kusukuma. Kikaingia sokoni mwaka 1948 na kinatumika mpaka leo. Siku hizi kuna vya shaba tupu visivyo na risasi nyeusi ndani, na kwa mlaji wa nyamapori hilo ni jambo la maana, maana vile vya zamani vinaacha chembe kwenye nyama kuzunguka jeraha, ndo maana mchinjaji mwenye akili anakata eneo lile pana na kulitupa.

Kuna jambo la urefu pia. Kichwa kirefu chembamba chenye uzito kinazama kuliko kifupi kipana, kama sindano ya kushonea magunia unavyoilinganisha na kijiti cha unene wa kidole. Hili ndo lililompa umaarufu W.D.M. Bell, yule Mskochi aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya tembo elfu moja, na wengi wao kwa 7x57 ambayo leo watu wanaiita ya swala. Wabishi wanamtumia kama ushahidi kwamba kaliba ndogo inatosha kwa kila kitu. Wanachokiacha ni kwamba alitumia solidi ndefu za grein 173, alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno kujifunza ubongo ulikaa wapi, na alikuwa na mkono ambao mimi na wewe hatuna. Wale waliojaribu hivyohivyo wakakosea kidogo hawakupata nafasi ya kusimulia. Kwetu leo kanuni zimemaliza ubishi huo, kwa wanyama hatari kama tembo, simba na nyati kiwango cha chini ni .375, namba haibembelezwi.

Sasa ipi ni ipi kwa huku kwetu? Hizi za kati zina koo zake, na ukijua koo unaelewa haraka. Ukoo wa .30-06: ganda lake ukiliminya mdomo linazaa .270, ya mwaka 1925. Ukoo wa .308, ya mwaka 1952, umezaa .243. Ukoo wa .375 wa Holland & Holland wa London, mwaka 1912, huo ni mkubwa, ganda lake likikatwa fupi limetoa .458, .338, 7mm magnamu na .300 magnamu kati ya mwaka 1956 na 1963, zote zina kile kimkanda kinachozunguka kitako. Watu wanasema mkanda unaongeza nguvu ya ganda. Hauongezi kitu, kazi yake ni kulizuia ganda lisizame sana chemba, basi (chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, sio wilaya yetu).

.270 sifa yake ni kunyooka. Kila kichwa kikitoka mtutuni kinaanza kuanguka palepale kama jiwe ulilodondosha mkononi, hakuna risasi inayokwenda mstari wa rula, chenye mbio kinafika tu kabla hakijaanguka sana. Kwa hesabu ya kalamu, mpaka mita 200 kichwa cha .270 kimeshuka kama sentimita 27, cha .30-06 kama 36, cha .375 zaidi ya 40. Kwenye mbuga wazi hiyo ni tofauti. Lakini nenda kwenye vichaka vya Itigi, vile ambavyo ukiingia hatua kumi mwenzako hakuoni, mnyama unamuona mita 40 au 60 kama ana bahati mbaya. Hata kwa mita 100 tofauti kati ya hizo tatu ni upana wa vidole viwili. Kwahiyo mtu anayejisifia mbio za risasi yake kwenye vichaka namuona kama anayenunua gari la mashindano kuendea shamba la zabibu Hombolo.

Ile ninayoipenda mimi kwa hadithi yake ni 9.3x62. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa mwaka 1905 akiwalenga walowezi na wakulima wa Kijerumani wa makoloni ya Afrika, na koloni kubwa lenyewe ni hapahapa. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa bei ya ng'ombe zizi zima, yeye akachukua Mauser, bunduki ya Kijerumani ya kawaida ya bei poa, akaitafutia ganda nene linaloingia bila kubadilisha mashine. Ikapiga kila kitu. Kwa hesabu za leo ni .366, inakaa chini ya mstari wa .375 kwa zile karatasi mbili za daftari nilizosema, unaweza kuona jinsi sheria ya namba ilivyo na ukatili wake, ingawa na mimi nakubali lazima mstari uchorwe mahali.

Na bega? .375 inarudisha teke karibu mara mbili ya .30-06. Mpigaji anayeogopa bunduki yake anafumba macho na kuvuta kwa hasira, kichwa kinakwenda tumboni. Bora .308 mkononi mwa mtu aliyetulia.

Sasa tuje kwenye kujaza. Watu wakisikia mgeni kutoka Marekani au Afrika Kusini kaja na risasi alizojaza mwenyewe wanashtuka, wanaona kama kiwanda cha siri. Mbona babu zetu wote wenye gobore walikuwa wajazaji? Gobore halina ganda. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaweka kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unatia goroli, unabandika fataki. Kila mlio ni risasi iliyojazwa kwa mkono, na kipimo ni kifuniko cha kichupa alichorithi kwa baba yake. Anachofanya mgeni ni kilekile, ila kwa mzani unaosoma sehemu ya kumi ya grein.

Kazi yenyewe iko hivi. Ganda likipigwa linavimba mpaka kugusa kuta za chemba, linaziba gesi isirudi usoni mwako, afu linanywea kidogo ndo maana linatoka. Ila halirudi saizi yake ya mwanzo. Mjazaji analisafisha, analipaka mafuta kidogo, analisukuma ndani ya dai (kalibu) ya chuma kwa presi ya mkono linarudi umbo lake, fataki ya zamani inatolewa. Fataki mpya inapachikwa, baruti inapimwa inamiminwa, kichwa kinakalishwa mdomoni kwa urefu maalum. Kuna kituko cha kihistoria hapo kwenye fataki: aina inayotumika sana Marekani, yenye tundu moja katikati ya ganda ambalo ni rahisi kutoa, ilibuniwa na Mwingereza aitwaye Boxer, na ile ya matundu mawili inayosumbua kutoa, iliyoenea Ulaya, ilibuniwa na Mmarekani aitwaye Berdan. Kila mmoja kaenda kuolewa ugenini.

Kwa nini wajisumbue? Wengine bei, maana ganda ndo sehemu ghali na linarudiwa mara kadhaa, ila ukiwauliza vizuri wanakiri pesa hawaokoi, wanapiga tu mara nyingi zaidi. Sababu ya kweli ni mbili. Ya kwanza ni kaliba za zamani, mtu karithi 7x57 au 9.3x62 dukani zinapatikana kwa manati, au zinapatikana na kichwa asichokitaka. Ya pili ni kwamba kila mtutu una tabia yake, unapenda kichwa fulani na mwendo fulani, mjazaji anatafuta mpaka anaipata ile inayogusa palepale.

Hatari iko kwenye baruti na watu hawaielewi kabisa. Tairi ya gari lako ina presha ya psi 30 hivi. Kikomo cha .30-06 ni psi 60,000, .270 ni 65,000. Mara elfu mbili ya tairi, kwenye chemba iliyo shubiri moja kutoka kwenye jicho lako. Na baruti sio moja. Ile nyeusi ya gobore ni ya karne na karne. Hii isiyo na moshi ilianzia Ufaransa mwaka 1884, na ndani yake kuna aina nyingi zinazotofautiana mwendo wa kuungua, moja inawaka kama mabua ya mtama, nyingine kama gogo la mkambala. Magogo ndo yanafaa ganda kubwa la bunduki ndefu, yanasukuma kidogokidogo mpaka kichwa kinatoka. Tia mabua kwa uzito uleule, presha inaruka yote mara moja na chuma kinaachia. Ndo maana anayechukua baruti ya kisasa kutoka kwenye risasi za kuokota akaitia kwenye gobore anajitengenezea bomu, na vidole vilivyokatika vijijini vinaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Wajazaji wenyewe hawakisii, kila aina ya baruti, kila kichwa, kila ganda lina jedwali lililopimwa maabara, wanaanza asilimia kumi chini ya kikomo na kupanda taratibu huku wakiangalia dalili: fataki imebapa, bolti inakataa kufunguka, kitako kina alama ya kung'aa.

Na kilichopikwa kwa bunduki moja hakihamishwi. 7x57 ni mfano mzuri, kuna bunduki zake za miaka ya 1890 zenye chuma dhaifu, kwahiyo viwanda vya Marekani vinaijaza kwa upole kwa kuwaogopea hao wazee. Mwenye bunduki ya kisasa anaijazia zaidi, salama kwake. Mkwe wake akiazima zile risasi kwa bunduki ya babu, msiba.

Jua letu nalo limo. Baruti ikipata joto presha inapanda, Waingereza walilijua hilo mapema na baruti yao ya kodaiti huko India na Afrika, ndo maana .416 Rigby ya mwaka 1911 ina tumbo kubwa kupita mahitaji, ili presha ianzie chini iwe na pa kupandia. Risasi iliyojazwa mpaka ukingoni kwenye baridi ya Ulaya afu ikashinda juu ya dashibodi ya Land Cruiser mwezi wa kumi kati ya Manyoni na Rungwa, haitakuwa risasi ileile jioni.

Kabla kuna mtu hajachangamka: kwetu hapa kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha, na hata risasi za dukani unanunua kwa leseni na kwa idadi. Naeleza ili uelewe wageni wanafanya nini, sio ili ukafungue karakana nyuma ya nyumba Nkuhungu.

Nirudi kijiweni. Gari la Itigi lilikuwa limeshapiga honi, nikamuuliza yule mzee kwa nini alichungulia ndani ya ganda. Akaomba waya, mtu akampa kipande cha spoku, akakunja ncha yake akaipitisha ndani taratibu kutoka chini kwenda juu. "Shika, mwanangu, sikia hapo." Nikashika, karibu na kitako waya ulikwama kwenye kimfereji. Kwa nje, palepale, kulikuwa na kamstari kanakong'aa kuzunguka ganda, kembamba kama unywele. Akasema chuma kimechoka hapo, kimevutwa na kunywea mara nyingi, mara moja zaidi lingekatika vipande viwili ndani ya bunduki. Mwenye nalo alijua, ndo maana kalitupa. Hili halikutoka dukani safari ya mwisho, lilijazwa, likapigwa, likajazwa tena, mara ngapi hata mwenyewe pengine hakumbuki.

Dogo wa bodaboda akalinyang'anya ganda lake akalitazama kwa huzuni. "Yaani mzee unataka kuniambia hii ni mtumba?"